Hosteli ya chuo au chumba mtaani: ulinganisho kwa mwanafunzi wa Mlimani

Majina ya waliochaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yakishatoka, swali huwa lile lile: nikomae nipate hosteli, au nitafute chumba mtaani? Majibu nayo ni yale yale. "Hosteli kelele." "Mtaani kodi." "Hosteli bei chee." Karibu kila anayejibu anapima kwa shilingi, na kwa mwanafunzi wa Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, shilingi ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni saa. Chumba cha bei rahisi Kimara, mbali na chuo, kinaweza kukugharimu kuliko chumba cha bei mbaya Msewe, jirani na chuo, ukishajua saa zako zina kazi gani.

Kwa hiyo tuanze na saa, hela itafuata.

Saa 40 ambazo hazimo zote kwenye ratiba

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ina kipimo kinachotumika kwa vyuo vyote nchini: uniti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una uniti 120. Semista moja basi ni uniti 60, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili.

Kwenye ratiba utaona kama nusu yake: mihadhara, seminari, maabara kwa wenye maabara. Nusu iliyobaki hakuna anayekusimamia. Ni kusoma, asaimenti, diskasheni, kukaa na madesa (notisi na mitihani) ya miaka ya nyuma na kuyafanya swali kwa swali. Makazi yako yanazigusa zaidi hizo saa 20 za pili. Mhadhara utaufikia tu, hata ukichelewa na kukaa ngazi za nyuma kabisa kwenye kumbi za mihadhara za Yombo. Saa ya kujisomea ikiliwa na foleni, huoni hata imekwenda wapi.

Sasa piga hesabu ya barabara. Anayetoka Kimara au Mbezi na kutumia saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano kwa wiki, kwa wiki 15, ametumia saa 150 njiani. Kozi nzima ya uniti 12 ni saa 120. Yaani semista ikiisha, amesoma kozi moja ya ziada iitwayo foleni, na haipo kwenye matokeo. Tena hapo tumemhurumia: siku ya mvua saa moja haitoshi, na testi nyingi huwekwa Jumamosi, siku ambayo hatukuihesabu.

Je, inashusha GPA, wastani wa pointi zako? Foleni peke yake haimfelishi mtu. Wapo wanaotoka Tegeta kila siku na wanapata daraja la kwanza. Lakini tazama jinsi pengo lilivyo jembamba. Mlimani alama ya 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. 50 hadi 59 ni B, pointi 3. Mwenye kozi tano za uzito sawa akipata B+ tatu na B mbili ana 3.6, daraja la pili la juu, ambalo linaanzia 3.5. B+ mbili kati ya hizo zikiteleza kutoka 60 kwenda 58, anabaki na 3.2, daraja la pili la chini. Alama nne tu kwa jumla. Na kwa kuwa kazi za semista zina alama 40 huku UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikiwa na 60, alama nne hupotea kirahisi sana kwenye asaimenti moja ya kikundi ambayo wenzako walikutana saa 3 usiku kimbwetani, kwenye meza za zege za nje, na wewe ulikuwa umeshapanda gari.

"Hosteli" si sehemu moja

Kosa la kwanza la wanaofika ni kuliona neno hosteli kama kitu kimoja. Kuna hosteli za Magufuli, zilizozinduliwa Aprili 2017: majengo 20 yenye nafasi 3,840, ndani ya eneo la Mlimani upande wa barabara ya Sam Nujoma. Kuna zile Hall za zamani zilizo katikati ya chuo, karibu zaidi na madarasa na maktaba. Na kuna Mabibo, ambayo ni hosteli ya chuo lakini iko nje ya Mlimani kabisa, pembeni ya barabara ya Mandela.

Kwa saa zetu, hizi ni hosteli tatu tofauti. Aliye Hall anaweza kutoka darasani saa 6 mchana, akaoga, akalala dakika 40 na akarudi kwenye seminari ya saa 8. Aliye Magufuli anatembea, na umbali wake unategemea anakwenda jengo gani, lakini halipi nauli. Aliye Mabibo ana kitanda cha chuo na bado ana daladala: atoke Mandela, apite Ubungo pale Daraja la Kijazi, aingie Sam Nujoma. Ukipangiwa Mabibo, usijilinganishe na wa Hall. Jilinganishe na aliyepanga Sinza au Ubungo, maana mnaishi maisha yanayokaribiana, isipokuwa yeye ana jiko lake na wewe una bei nafuu.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wa kompyuta na elektroniki hulijua wamechelewa. Koleji yao, CoICT, iko Kijitonyama. Kitanda cha Mlimani hakiwaondolei safari. Kinaigeuza tu uelekeo. Kwao chumba Sinza, Mwenge au Kijitonyama kwenyewe mara nyingi kinashinda hosteli ya Mlimani kwa saa na kwa utulivu, hata kama kwa hela kinashindwa.

Mtaani nako kuna duara tatu

Chora ramani kichwani, katikati weka jengo la Utawala la chuo.

Duara la kwanza ni la miguu: Changanyikeni, Msewe, Survey, Mlalakuwa. Hapa utatembea nusu saa hadi dakika 40 hivi kutegemea upo mwanzo au mwisho wa mtaa, au utapanda daladala siku ukiwa na haraka. Kodi za hapa ziko juu kwa sababu wenye nyumba wanajua fika nani mpangaji wao. Dalali atakuambia "chuo hapo tu". Usikubali neno "hapo tu". Tembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi darasani ukiangalia saa, na utembee jua la saa 7 mchana, maana Januari kupanda kilima cha Mlimani na begi la laptopu ni kazi tofauti kabisa na kukipanda saa 12 asubuhi.

Duara la pili ni la gari moja: Mwenge, Sinza, Ubungo. Duara la tatu ni la magari mawili au foleni ndefu: Kimara, Mbezi, Tegeta, Tabata. Mwendokasi, tangu ianze mwaka 2016, imewasaidia wa Kimara kufika Ubungo haraka kuliko zamani, lakini Ubungo si Mlimani. Bado kuna kushuka, kuvuka na kusubiri gari la pili, na asubuhi kituo cha Kimara kinaweza kukula dakika nyingi kabla hujaona hata mlango wa basi.

Ratiba ya chuo inaanza saa 1 asubuhi na vipindi vya mwisho huweza kuisha saa 2 usiku. Mtu wa duara la tatu mwenye kipindi cha saa 1 anaamka saa 10 alfajiri. Akiwa na kipindi hicho Jumanne na kingine cha saa 12 jioni siku hiyo hiyo, kati yake ana pengo la saa tisa ambalo hawezi kurudi nyumbani.

Hapa inabidi tuwe wa haki. Pengo hilo linaweza kuwa msaada. Wa hosteli hurudi chumbani "dakika kumi tu", akakuta wenzake wanaangalia mpira, na mchana umekwisha. Wa mbali hana pa kwenda, anabaki maktaba. Wengi wa mtaani wanaofanya vizuri wamejenga siku nzima juu ya mapengo hayo: wanaingia chuo na gari la kwanza, wanasoma hapo hapo hadi foleni ya jioni ipungue, wanafika nyumbani kulala tu. Ukiweza nidhamu hiyo, duara la tatu linapungua makali. Ila ujue unashindania kiti. Maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 inakalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja, na chuo kina wanafunzi mara kadhaa ya idadi hiyo. Wiki za testi, anayefika saa 3 asubuhi hukuta begi kwenye kila kiti.

Sasa hela

Hosteli hulipiwa kwa namba ya malipo unayopewa kwenye mfumo wa chuo, na kiwango chake ni kidogo kiasi kwamba hakuna chumba cha mtaani kinachokigusa. Hapo hakuna ubishi. Mahali penye ubishi ni mtaani, kwa sababu watu hulinganisha kodi ya mwezi na kusahau jinsi inavyolipwa.

Mwenye nyumba wa Dar hataki kodi ya mwezi. Anataka miezi mitatu, mara nyingi sita, wengine mwaka. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Chukua mfano wa chumba cha 80,000 kwa mwezi: miezi sita ni 480,000, dalali 80,000, jumla 560,000 kabla hujanunua godoro. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, anayepata posho ya 10,000 kwa siku, inayotoka kwa awamu za siku 60, bumu lake moja, yaani awamu moja ya posho hiyo, ni 600,000. Kinachobaki ni 40,000 ya kuishi miezi miwili. Na bumu la kwanza halikusubiri mlangoni siku unayoripoti. Kuna usajili, kuna kusaini, kuna siku za kungoja.

Kwa hiyo mtaani hakuingiwi kwa bumu. Kunaingiwa kwa hela ya nyumbani au kwa kugawana, na bumu hufuata baadaye kurudishia. Asiye na hela ya kuanzia asijidanganye kwamba atapanga wiki ya kwanza.

Kugawana chumba kunabadilisha hesabu sana. Wawili kwenye chumba hicho hicho ni 280,000 kila mmoja kwa nusu mwaka, ikiwa ni pamoja na dalali. Lakini andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari: nani ametoa kiasi gani, kodi inaisha lini, mmoja akiondoka katikati nani anabeba pengo lake. Urafiki wa Mwaka wa Kwanza mara nyingi huvunjikia hapa, na wanaogombana huwa ni watu wazuri ambao hawakuandika.

LUKU, maji na ile mita moja

Hili ndilo eneo ambalo hosteli inashinda kimyakimya. Ndani ya chuo humnunulii mtu umeme. Mtaani kuna kitu kinaitwa LUKU ya pamoja, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Nyumba ina vyumba sita na mita moja ukutani, koridoni. Kila mwezi kila chumba kinachanga sawa. Chumba cha pili kina taa moja na chaja ya simu. Chumba cha nne kina friji, pasi na jiko la umeme linalochemsha maharage saa mbili. Uniti zinaisha tarehe 19 badala ya 30. Mwenye mtihani kesho ni wa chumba cha pili, anayesoma kwa tochi ya simu huku wenzake wakibishana nani hajatoa. Ongeza na kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa kwenye LUKU unaponunua umeme: kisheria ni ya mwenye nyumba, lakini anayeweka vocha ndiye anayekatwa. Mkubaliane mapema ikatwe kwenye kodi ya chumba.

Swali la kwanza kwa mwenye nyumba basi liwe: kuna submita? Submita ikiwepo, kila chumba kinasoma uniti zake na ugomvi wote huo unakwisha. Chumba chenye submita kwa 10,000 zaidi kwa mwezi ni bei nzuri.

Maji: uliza siku gani DAWASA wanatoa, tanki lipo au hakuna, na yakikatika ndoo inanunuliwa wapi. Hosteli nazo hukaukiwa, hasa ghorofa za juu presha ikishuka, na kila anayekaa huko ana ndoo yake yenye mfuniko. Tofauti ni kwamba hosteli nzima ikikosa maji, kuna uongozi unaosumbuliwa na DARUSO, jumuiya ya wanafunzi. Mtaani unasumbuka na mwenye nyumba ambaye simu yake haipokelewi.

Kelele, kulala na kubebana

Wanaosema hosteli ina kelele wanasema kweli, ila kelele zina saa zake. Usiku wa Jumatano koridoni kuna muziki, kuna mjadala wa Simba na Yanga, kuna mtu anaongea na simu kana kwamba aliyeko upande wa pili ni kiziwi. Saa 8 usiku kunatulia. Anayeweza kulala mapema na kuamka saa 9 kupiga msuli, yaani kusoma kwa bidii, atapata hosteli tulivu kabisa. Anayehitaji kimya saa 2 hadi saa 6 usiku atateseka, na dawa yake ni kutosomea chumbani: asomee darasa tupu au kimbwetani, chumba kiwe cha kulala.

Mtaani kelele hazina ratiba unayoijua. Baa ya jirani, kigodoro Jumamosi, spika ya mkesha, majogoo. Ndiyo maana chumba kikaguliwe mara mbili: mchana uone ukuta na paa, Ijumaa au Jumamosi saa 3 usiku usikie. Dalali atakupeleka mchana tu.

Kubebana ni suala la pekee, na linastahili maneno ya wazi. Aliyekosa kitanda analala na rafiki aliyepata, wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, dabo deka. Kwa wiki moja ya kutafuta chumba, inaeleweka kibinadamu. Kwa semista nzima ni hasara kwa wote wawili. Ni kosa kwa sheria za hosteli, na anayeadhibiwa kwanza ni mwenye kitanda, ambaye anaweza kukipoteza. Chumba kilichopangwa kwa idadi fulani kikilaza mara mbili, choo kinapangiwa foleni, soketi zinaning'inizwa ekstensheni juu ya ekstensheni, na mtu mmoja akipata mafua chumba kizima kinapiga chafya. Anayebebwa naye hana pa kuweka laptopu ikafungiwa, hana meza, hana haki ya kumwambia mtu apunguze sauti. Ukiona utabebana zaidi ya mwezi, ni afadhali chumba cha kugawana watatu Msewe.

Usiku wa diskasheni

Hapa pana tofauti kubwa kuliko zote, na haionekani kwenye hesabu ya mtu yeyote kabla hajafika.

Masomo ya chuo kikubwa cha umma hayafundishwi yote darasani. Ukumbi una mamia ya watu, mhadhiri yuko mbali, na swali lako linabaki kooni. Linajibiwa kimbwetani. Vimbweta ni zile meza na benchi za zege chini ya miti. Watu sita, ekstensheni moja, karatasi za UE za miaka mitatu nyuma. Mmoja anasoma swali, anayejua anaeleza, anayebisha anabisha, na katika kubishana mambo yanaingia. Diskasheni nzuri zinaanza saa 1 au 2 usiku kwa sababu mchana kila mtu ana ratiba yake. Zinaisha saa 4 au 5.

Wa hosteli anaokota daftari lake anakwenda kulala. Wa duara la kwanza anatembea, na hapa atembee na wenzake: njia za nyuma za kuelekea Msewe na Changanyikeni zina vichaka na sehemu zisizo na taa, na simu na laptopu ndivyo vinavyowindwa. Pangeni kikundi cha diskasheni chenye watu wawili au watatu wa uelekeo mmoja. Hii ni ya msingi kuliko kuchagua kikundi cha wenye akili. Wa duara la tatu anaondoka saa 2 wakati diskasheni inapamba moto, au anabaki na kulala chuo, na hapo tumerudi kwenye kubebana.

Suluhisho lake lipo, nalo ni kuhamisha diskasheni badala ya kuikosa. Asubuhi saa 12 na nusu kabla ya kipindi cha saa 1 hakufai, wachache wataamka. Jumamosi isiyo na testi, saa 3 asubuhi hadi saa 7, kunafaa sana: madarasa mengi ni matupu, hakuna foleni kubwa, na saa nne mfululizo zinazidi usiku mbili za kukatakata. Kikundi cha wa mtaani watupu kikiwekwa Jumamosi hakiwi nyuma ya cha hosteli.

Chakula

Kwa ufupi. Hosteli hairuhusu kupika chumbani. Hita na majiko ya umeme yakikutwa kwenye ukaguzi yanachukuliwa, na sababu ni ya kweli: nyaya za jengo hazikupangwa kubeba majiko 40. Kwa hiyo unakula kafteria au kwa mama ntilie kila siku, na bumu linayeyuka kidogo kidogo bila kuona. Mtaani mtungi wa gesi wa kilo 6, wawili mkipika zamu kwa zamu, unashusha gharama ya chakula sana. Lakini kupika ni saa pia. Maharage makavu bila kuloweka ni saa mbili. Yakilowekwa usiku yanaiva mapema zaidi. Pikeni mboga kubwa Jumapili na Jumatano, siku nyingine iwe ugali au wali tu.

Mazoezi ya vitendo (PT) na likizo

Mwenye hosteli anaondoka na kila kitu mwaka ukiisha. Godoro, ndoo, vitabu, vyote vinatafutiwa pa kuwekwa, na wa mikoani huishia kuviacha kwa ndugu wa Gongo la Mboto na kuvifuata tena. Mpangaji ana pa kuacha vitu, ila analipia chumba kitupu wakati yuko kwenye mazoezi ya vitendo mkoani. Kodi ya miezi sita ikianzia Novemba inaishia Aprili, katikati ya semista ya pili, wakati mbaya kabisa wa kuhama na masika yamefungua mashimo yote ya Changanyikeni. Jadiliana ulipe miezi minane au tisa badala ya sita au kumi na mbili. Wenye nyumba wa karibu na chuo wameshazoea ombi hilo.

Nani achukue nini

Mwaka wa kwanza kutoka mkoani, asiye na ndugu Dar: hosteli, hata Mabibo. Mwaka huu unajifunza chuo chenyewe, jinsi ya kusajili kozi, seminari iko jengo gani, nani ana madesa, na mambo hayo yanajulikana kwa kuishi katikati ya watu. Kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kwa mwaka wa kwanza mara nyingi huanza na mtu kutojua kwamba testi ilihamishwa.

Uhandisi na sayansi zenye maabara: hosteli au duara la kwanza, miaka yote. Ripoti za maabara na michoro ya kikundi haziwezi kufanywa na mtu aliyeko kwenye gari.

Sheria na fani za kusoma kurasa nyingi peke yako: mwaka wa pili na wa tatu, chumba cha peke yako au cha wawili duara la kwanza kinalipa. Unahitaji kimya cha saa tatu mfululizo kuliko unavyohitaji umati.

CoICT: Sinza, Mwenge, Kijitonyama.

Anayeishi kwa wazazi au kwa ndugu duara la tatu: usihesabu kwamba ni bure. Hesabu saa, kisha hesabu kazi za nyumbani. Mpwa wa kike hasa hupangiwa watoto, jiko na dobi bila mtu kumuuliza ana testi lini. Zungumza na shangazi mapema na kwa heshima, ukiwa na ratiba yako iliyochapishwa mkononi: "Shangazi, Jumanne na Alhamisi natoka saa 2 usiku, nitafika saa 4. Jumapili nitafua na kupika mimi." Ratiba ikibandikwa ukutani sebuleni inasaidia kuliko malalamiko ya mwezi wa tatu.

Ukiamua mtaani, fuata mpangilio huu

Fika Dar angalau wiki mbili kabla ya kufungua. Wiki ya kufungua bei zinapanda na vyumba vizuri vimekwisha. Uliza kwanza wanafunzi wanaohama kabla ya madalali. Anayehama anajua tabia ya mwenye nyumba na hakudai kodi ya mwezi mmoja.

Ukimtumia dalali, mkubaliane kabla ya kutembea hela ya kuonyeshwa vyumba ni kiasi gani na ni ya vyumba vingapi. Usimpe dalali kodi. Kodi apewe mwenye nyumba au mtu ambaye majirani wanamtambua kuwa ndiye msimamizi, na uulize wapangaji wawili wa ndani jina lake kabla hujatoa chochote. Utapeli wa kawaida ni chumba kimoja kuuzwa kwa wanafunzi watano siku moja, wote wakiwa na funguo.

Ndani ya chumba, fungua bomba. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Tazama dari kama ina madoa ya maji, maana masika yatapita hapo hapo. Piga simu ukiwa umefunga mlango uone mtandao, kwa sababu utapakia asaimenti kutoka humo. Angalia kama dirisha lina nondo na kama mlango wa nje una kufuli la pamoja na unafungwa saa ngapi. Mwenye nyumba anayefunga geti saa 4 hafai kwa mtu wa diskasheni.

Mkataba uandikwe nakala mbili: kodi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, LUKU inagawanywaje, notisi ya kuhama. Usainiwe mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, na stakabadhi au ujumbe wa muamala utunzwe kwenye barua pepe, maana simu huibwa.

Na hata ukishapanga, jina lako liache kwenye maombi ya hosteli. Wiki ya tatu na ya nne huwa kuna vitanda vinavyobaki vya waliopangiwa wakashindwa kulipa kwa muda uliowekwa, na hivyo hugawiwa upya kwa wanaofuatilia. Angalia akaunti yako kila jioni wiki hizo, hela ya hosteli ikiwa tayari, kwa sababu muda wa kulipia huwa mfupi.